Gurudumu na Ardhi Yake: Kutoka Toroli hadi Mkokoteni Kisiwani Mombasa

Dereva wa mashindano anayejua kwamba njia ni kavu hufunga tairi kipara kwa makusudi. Tairi hilo halina hata mfereji mmoja. Mpira wake wote unagusa lami, tena ni mpira laini ambao ukishapata joto hung'ang'ania njia pale kwenye kona ambapo tairi la kawaida lingeteleza. Mashindano ya Formula 1 yalianza kuyatumia matairi hayo mwanzoni mwa miaka ya 1970, yakayapiga marufuku kuanzia 1998 ili kupunguza kasi kwenye kona, kisha yakayarudisha mwaka 2009. Lakini mvua ikinyesha, tairi hilohilo ni balaa, kwa kuwa maji hayana pa kupitia. Yanabanwa kati ya mpira na lami, na gari linaelea. Kwa hiyo anayeuliza tairi lipi ni bora hajauliza kitu mpaka aseme ni la njia gani, mwendo gani na mzigo gani. Nadai kwamba historia ya gurudumu kisiwani Mombasa inapaswa kusomwa kwa swali hilo. Kwa kawaida husimuliwa kama ngazi: mpagazi, kisha toroli, kisha motokaa, huku mkokoteni ukihesabiwa kuwa masazo ya zamani yaliyokataa kufa. Ushahidi hauungi mkono ngazi hiyo.

Mji wa Kale haukujengwa kwa ajili ya gurudumu. Vichochoro vya Kibokoni ni vya watu wa miguu, wapagazi na punda wa shehena, na hata Ndia Kuu, pamoja na jina lake, ni nyembamba kwa yeyote aliyezoea barabara za leo. Nje ya mji ardhi ilikuwa mchanga na mawe ya matumbawe. Wanyama wa kukokota nao walikuwa tabu, kwani mbung'o na maradhi viliwamaliza farasi na ng'ombe. Mwaka 1890 kampuni ya Imperial British East Africa, chini ya Sir William Mackinnon, ilianza kutandaza reli ya upana wa futi 2 kuelekea bara. Baada ya maili 7 hivi mradi ukakwama, na Reli ya Uganda iliyoanza mwaka 1896 ikatumia upana wa mita 1. Vyuma vya kampuni, ambavyo sasa havikuwa na kazi, vikaishia kisiwani, kati ya Kilindini na Mji wa Kale. Juu yake yakapita matoroli: benchi chini ya kivuli cha turubai, magurudumu manne madogo ya chuma, na wanaume wakisukuma kwa nyuma. Palipokuwa na njia moja tu, matoroli mawili yakikutana ilibidi moja linyanyuliwe na kuwekwa kando ili lingine lipite. Usumbufu huo usituzuie kuona ubora wake. Chuma juu ya chuma hakizami mchangani, hakipati pancha, na kikishashika mwendo hakidai nguvu nyingi. Kwa kuwa hapakuwa na gurudumu la kuifaa ardhi ile, ilitengenezwa ardhi ya kulifaa gurudumu.

Mtu anaweza kupinga kwamba hapa naisifu fizikia na kuusahau ukoloni. Toroli liliwezekana kwa sababu jasho la Mwafrika lilikuwa rahisi, na waliobebwa walikuwa maofisa na matajiri, baadhi yao wakiwa na matoroli yao binafsi. Pingamizi hilo ni la haki, na sina nia ya kulikwepa. Lakini halibomoi hoja, linaipanua: katika kuchagua gurudumu, nguvu inayolisukuma huhesabiwa pamoja na ardhi, na nguvu hiyo ina mwenyewe na ina ujira. Tena jasho la bei rahisi peke yake halielezi kwa nini ziliwekwa reli. Wasukumaji walewale wangeweza kupewa rikisho. Kilichokosekana ni njia ngumu ya kuliendesha.

Motokaa ililiua toroli katika miaka ya 1920. Haikulishinda kwa wepesi wa kuviringika. Ililishinda kwa uhuru wa kukata kona popote, na barabara ngumu zilipoongezeka, uhuru huo ukawa na thamani. Gati za kwanza za maji marefu zilifunguliwa Kilindini mwaka 1926, na mizigo ikawa inaelekea kila upande. Kuna kejeli hapa. Kabla ya pwani kununua matairi, ilikuwa ikiuza mpira: kwanza utomvu wa mitambaazi ya msituni, halafu wa mashamba ya upande wa Malindi, mpaka bei ilipoporomoka kuelekea 1913 kwa wingi wa mpira wa Asia. Mpira uliporudi kama tairi, ulirudi na udhaifu ambao toroli halikuujua. Adui mkubwa wa tairi la upepo ni joto, kuliko hata msumari. Likipungukiwa upepo au likizidiwa mzigo, mbavu zake hujikunja katika kila mzunguko, joto hupanda, tabaka za ndani huachana, na mwisho hupasuka. Ndiyo maana kando ya barabara ya kwenda Nairobi kumetapakaa vipande vya mpira vilivyobanduka kwenye malori.

Sasa tuutazame mkokoteni kwa karibu. Ni jukwaa la mbao juu ya ekseli ya gari lililokufa, na matairi mawili ambayo mara nyingi ni vipara. Kwenye lori lililoshiba shehena, tairi la hali hiyo ni hatari kwa kila aliye barabarani. Kwenye mkokoteni halipati mwendo wa kulipasha joto, na maji ya mvua hayawezi kuliinua kwa kasi ya mtu anayetembea. Breki yake nayo ni mpira: kipande cha tairi kuukuu kimepigiliwa chini ya mkia. Hamali akishuka mteremko huinua mikono ya mbele, mkia ukaburuza, na mpira ukasuguana na lami mpaka mzigo ukatulia. Aliyebuni breki hiyo aliielewa kazi ya msuguano vilevile kama fundi yeyote wa magari ya mashindano.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba huu ni umaskini uliovishwa sifa, na kwamba hamali angefurahi kuwa na pikapu. Bila shaka angefurahi. Lakini pikapu isingefika mlangoni mwa maduka mengi yanayolizunguka soko la Mackinnon, lililojengwa 1914 na bado linaitwa Marikiti. Pangebaki hatua za mwisho, na hatua hizo ni za mkokoteni au za bega. Hata tuktuku, ambayo hupenya mahali pengi, ina magurudumu madogo yanayozama kwenye kila shimo na haibebi magunia kumi. Ninachokubali ni kwamba ujira wa hamali ni mdogo mno kwa kazi aifanyayo, na wanaotaka mkokoteni uondolewe kwa sababu ya sura yake wangeanzia hapo.

Kiwanda cha matairi cha Nairobi, kilichojulikana kwanza kwa jina la Firestone, kilisimamisha utengenezaji mwaka 2016. Matairi mengi yanayozunguka Kenya leo huingilia Kilindini yakiwa mapya, hupanda bara chini ya malori na mabasi, na baadhi yake hurudi kisiwani mifereji ikiwa imelika. Hapo fundi pancha hutenga yatakayokatwa kuwa viatu vya akala na yatakayofungwa kwenye mkokoteni.