Wosia kwa Ajili ya Urithi wa Taifa

Msafiri atokaye Msata kwenda Bagamoyo huikata nchi ya Wakwere, kisha huufikia mji ulikoishia njia ya misafara itokayo bara. Katika mji huo aliishi mfanyabiashara Sewa Haji Paroo, aliyefariki mwaka 1897. Utajiri wake ulitokana na kuipatia misafara bidhaa na wapagazi. Hivyo jasho la mpagazi limo ndani yake. Hata hivyo, alitoa jumba lake la ghorofa liwe shule, kwa sharti kwamba wasome humo watoto wa rangi zote. Sharti hilo, katika zama za ukoloni, lilikuwa na thamani kuliko jumba lenyewe.

Wazee wetu wa pwani waliijua hekima hiyo kwa jina la wakfu: mali iliyowekwa wakfu haiuzwi wala hairithiwi. Nao wenyeji wa bara yake walivilinda vichaka vya matambiko kwa miiko. Leo miiko imelegea, na miti inageuka mkaa. Lakini Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakipa kijiji uwezo wa kutenga msitu wake wa hifadhi.

Basi tunapoandika wosia, tusigawe mashamba na nyumba tu. Tuseme pia ni kichaka kipi kisikatwe, ni kaburi lipi la kale lisibomolewe, na nani atavitunza. Zawadi isiyo na sharti wala mlinzi huishia mikononi mwa warithi. Yenye vyote viwili hubaki kuwa mali ya taifa.