Nyumba Yetu Imeuzwa Mara Tatu na Taito Haijawahi Kusonga

Wiki jana anko alileta mnunuzi nyumbani kwetu Burumba, hapa Busia. Jamaa akazunguka, akagonga ukuta, akauliza kama kisima hukauka Januari. Halafu: "Taito iko wapi?" Kukhu akaingia ndani, akatoka na bahasha ya kaki. Agrimenti tatu za kuandikwa kwa mkono. Taito hakuna.

Nimezisoma usiku kucha na, wasee, hizo karatasi zinajua historia ya mpaka kuliko kitabu changu cha fomu tatu.

Ya kwanza ni ya 1971. Mwenye shamba anamuuzia mwalimu kipande cha kujenga. Hakukuwa na mtaa hapa, mihogo tu, na njia ya vijana wa baiskeli waliovusha abiria wakiita "border, border". Ndiyo, boda boda unayopanda Nairobi ilizaliwa huku.

Ya pili ni Machi 1976, na bei imeshuka. Kwa nini mwalimu auze kwa hasara? Angalia tarehe. Februari mwaka huo Idi Amin alikuwa amedai kwamba magharibi ya Kenya ni ya Uganda, kwa sababu hadi 1902, kabla Waingereza kusogeza mpaka, huku kulikuwa Uganda kweli. Kukhu anasema watu walilala na mizigo imefungwa. Aliyenunua alikuwa mtu wa magendo. Baridi kali ilikuwa imeunguza kahawa ya Brazil Julai 1975, bei ya dunia ikapaa, na mkulima wa Uganda aliona heri avushe gunia usiku kuliko kulipwa shilingi isiyonunua hata sabuni. Sebule yetu ilikuwa stoo. Ndiyo maana ina mlango mpana hivyo, na mimi nilidhani ni urembo!

Ya tatu, 1979. Amin ameanguka, mtu wa magendo anauza haraka, Kuka ananunua.

Sasa shida. Sheria ya 1967 inasema shamba likiuzwa bila idhini ya bodi ya ardhi, iliyoombwa ndani ya miezi 6, mauzo ni bure. Hakuna hata mmoja wa hao watatu aliyeenda bodi. Mzee wa kijiji alitia sahihi, chai ikanywewa, basi. Kwenye rejista shamba bado ni la yule mzee wa kwanza. Alishakufa, na wajukuu wake wako ng'ambo, Busia ya Uganda.

Anko anataka tuwatafute, tuwape kitu kidogo waweke sahihi, kisha taito itoke kwa jina lake "ili iwe rahisi kuuza". Rahisi kwa nani? Sheria pia inamruhusu mtu aliyekaa kwenye ardhi wazi wazi zaidi ya miaka 12, bila ruhusa ya mwenyewe na bila kufukuzwa, aombe mahakama imsajili. Kukhu amekaa hapa tangu 1979. Amezika bwana hapa. Jina lake halimo kwenye agrimenti hata moja, hata kama shahidi, na pesa za 1979 nusu zilikuwa za samaki wake.

Nimemwambia anko tunaenda kwa wakili Jumatatu, mimi na Kukhu. Bahasha iko chini ya godoro langu.