Nani Hulipa Bili ya Hospitali Nyeri?

Mjadala wa hospitali ukianza hapa Nyeri, siku hizi unaanzia SHA na kuishia SHA. Ati mtambo uko chini, ati hospitali haijalipwa, ati dawa ukanunue nje. Ni kweli watu wanaumia. Lakini hii story haikuanza 2024. Ina zaidi ya miaka mia moja, na ukiifuata utaona tumekuwa tukibishana juu ya kitu kimoja tu: nani analipa?

Tuanze na wamishonari. Hospitali ya Tumutumu, pale karibu na Karatina, ilitokana na misheni ya Kanisa la Scotland mwanzoni mwa karne ya 20. Wakatoliki wa Consolata kutoka Italia nao wakajenga yao Mathari, nje kidogo ya mji wa Nyeri. Mkoloni alijali kwanza kodi na vibarua wa mashambani, kwa hivyo sehemu kubwa ya matibabu ya watu wetu vijijini iliachiwa makanisa. Hizo hospitali mbili ziko hadi leo na bado tunazitegemea. Kumbuka hilo, tutarudi hapo.

Uhuru ulipokuja 1963, KANU ilikuwa imeahidi matibabu ya bure. Mwaka wa 1965 serikali ikaondoa ada ya shilingi 5 iliyokuwa ikitozwa wagonjwa wasiolazwa. Mwaka uliofuata, 1966, NHIF ikaanzishwa. Na huku mashinani watu walikuwa kwenye Harambee. Huyu analeta mawe, yule mbao, mwingine anachanga pesa kidogo aliyo nayo, mpaka zahanati inasimama. Ukiwa na cucu au guka aliyeishi siku hizo, muulize. Walijenga kwa jasho wakiamini serikali italeta nesi na dawa.

Halafu ikaja Desemba 1989. Enzi ya Moi, hazina ya serikali ikiwa imebanwa na Benki ya Dunia na IMF zikishinikiza mageuzi, wagonjwa wakaanza kutozwa ada. Jina lake lilikuwa zuri: kuchangia gharama. Kilichofuata ni kwamba watu wengi waliacha kwenda hospitali. Mwaka wa 1990 ada ya wagonjwa wa nje ikasitishwa, kisha ikarudishwa kwa awamu kuanzia miaka ya 1991 na 1992.

Mwaka wa 2004 Rais alikuwa Mwai Kibaki, mtu wetu wa Othaya. Serikali yake ikapunguza malipo yakawa shilingi 10 kwenye zahanati na 20 kwenye kituo cha afya. Mwaka huo huo Bunge likapitisha mswada wa bima ya afya ya taifa uliopiganiwa na waziri Charity Ngilu. Kibaki hakuutia sahihi. Juni 2013 Uhuru Kenyatta akaondoa hizo 10 na 20, na kujifungua kwenye hospitali za umma kukawa bure.

Sasa sikia hii ya kwetu kabisa. Tarehe 13 Desemba 2018, Nyeri ilikuwa moja ya kaunti nne za majaribio ya afya kwa wote, pamoja na Kisumu, Machakos na Isiolo. Tulichaguliwa kwa sababu huku kuna wagonjwa wengi wa kisukari na presha. Watu wakasajiliwa, wakapewa kadi, na ada kwenye hospitali za kaunti zikaondolewa. Hospitali zikajaa. Majaribio yalipangiwa mwaka mmoja. Yalipokwisha, malipo yakarudi.

Hebu fikiria. Mtu ana kisukari, ugonjwa wa kukaa nao maisha yake yote, halafu unampa matibabu ya bure ya mwaka mmoja. Mwaka wa pili atameza nini?

Na kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Afya ilipogatuliwa 2013, pesa ambazo hospitali ilikusanya kwa wagonjwa ziliingia kwenye mfuko mkuu wa kaunti. Hospitali ikiishiwa na glavu, inaomba na kungoja, ilhali pesa ni zake. Sheria ya kuziachia hospitali mapato yao ilipatikana 2023. Miaka kumi!

Oktoba 2024 SHA ikachukua nafasi ya NHIF. Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Mama wa kuuza mboga soko la Karatina anapimwa uwezo wake, kisha anaambiwa alipe ya mwaka mzima mara moja. NHIF nayo iliacha madeni mabilioni kwa hospitali nchini, zikiwemo za makanisa. Kwa hivyo ile mizigo ambayo mkoloni aliwatwika wamishonari, sisi tumeendelea kuiacha mabegani mwao.

Kuna watu husema hakuna kitu cha bure, na mimi nakubaliana nao kabisa. Hata ile "bure" ya 1965 ililipwa na kodi. Tofauti ni hii: unaweza kulipa kidogo kidogo pamoja na wengine ukiwa mzima, au ulipe peke yako ukiwa mgonjwa, kwa kuuza ng'ombe au kuunda grupu ya WhatsApp ya mchango. Historia yetu inaonyesha kwamba kila tukikosa kukubaliana juu ya njia ya kwanza, tunaangukia ya pili. Harambee ya babu zetu ilijenga zahanati. Yetu inalipa bili ya mtu mmoja, kisha kesho tunaanza nyingine.

Ndiyo maana mimi hainisisimui tena siku ya uzinduzi. Nataka kujua mwaka wa pili pesa inatoka wapi. Kila mwaka kaunti lazima ipeleke makadirio ya bajeti kwa Bunge la Kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na Katiba inataka wananchi washirikishwe. Vikao hivyo mara nyingi hujaa wazee, vijana hatuonekani. Mwaka ujao twende, tuulize MCA wetu swali moja: hospitali yetu ilikusanya ngapi, na ilirudishiwa ngapi? Akishindwa kujibu, tumuulize tena 2027.