Tindikali Iliyosingiziwa

Anayekunywa maziwa ya mgando anaujua uchachu wake. Mwaka 1780 Msweden mmoja aliyekuwa mtengeneza dawa, Carl Wilhelm Scheele, aliitenga tindikali inayoleta uchachu huo. Ndiyo tindikali ya laktiki. Mimi naiona kama mtu aliyefungwa kwa kusingiziwa, na hata alipoachiwa watu wakaendelea kumnyooshea kidole.

Maana haimo kwenye maziwa tu. Mwaka 1907, huko Cambridge, Uingereza, Fletcher na Hopkins waliifanyisha kazi misuli ya vyura mpaka ikachoka. Tindikali ikajaa. Walipoipa misuli oksijeni, ikapungua. Basi hukumu ikapita: hii ni takataka ya sukari, ndiyo inayochosha. Mpaka leo wapo makocha wanaoilaumu kwa maumivu ya siku ya pili baada ya mechi, wakati siku hiyo imekwisha ondoka zamani.

Mjerumani Otto Meyerhof, aliyepata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1922 pamoja na Mwingereza Hill, alionyesha kuwa sehemu ya tindikali hiyo hurudishwa kuwa akiba ya mwili. Takataka gani hiyo inayorudishwa ghalani? (Meyerhof alikuwa Myahudi. Mwaka 1938 aliikimbia Ujerumani, akafia Marekani mwaka 1951.)

Sasa twende kwenye damu. Katika miaka ya 1920, mjini Berlin, Otto Warburg aliona kuwa chembe za saratani hubugia sukari na kuigeuza tindikali, hata kama oksijeni ipo tele. Alidhani ni kilema cha saratani. Lakini askari wetu wenyewe, yaani chembechembe nyeupe za damu, hufanya vivyo hivyo wanapoamshwa na vijidudu.

Kwa hesabu ya duka ni hasara tupu. Glukosi moja ikichomwa yote kwa oksijeni huzalisha takriban vipande 30 vya nguvu viitwavyo ATP. Ikiishia kwenye tindikali ni 2 tu. Ila askari aliyeitwa vitani habani matumizi. Anataka nguvu upesi, tena anataka vifaa vya kuzaliana awe maelfu, na vifaa hivyo vinatoka katika sukari hiyo hiyo.

Hatari iko hapa. Uvimbe wa saratani hutema tindikali nyingi mahali pamoja. Mwaka 2007 watafiti wa Regensburg, Ujerumani, waliwaweka askari hao ndani ya tindikali ya namna hiyo. Kuzaliana kwao na utoaji wa kemikali zao za vita vilishuka hadi kwa asilimia 95. Waliposafishiwa mazingira kwa saa 24, nguvu zikarudi. Kwa hiyo walikuwa hawajafa, walikuwa wamelemewa: askari hutoa tindikali yake nje, na nje kukishajaa, ya ndani haina pa kwenda.

Halafu mwaka 2019 watafiti wa Chicago wakatangaza jambo ambalo Scheele asingeliota. Ndani ya zile chembe zinazomeza vijidudu, masalio ya tindikali hii hujibandika kwenye protini zinazofungasha vinasaba, na baada ya vita huamsha vinasaba vya kuponya kidonda. Takataka imekuwa tarishi.

Msikilizaji asije akaacha mtindi wake kwa hofu. Ninayoizungumzia mwili unaitengeneza wenyewe, unywe maziwa usinywe.

Je, tiba? Fikra moja ni kuufungia uvimbe milango ya kutolea tindikali, ujisonge wenyewe, na dawa ya aina hiyo imekwisha jaribiwa kwa wagonjwa Uingereza. Ugumu ni kwamba mlango ni ule ule. Mwaka 2005 ilidhihirika kuwa ukifungwa, askari nao hushindwa kuzaliana, na waliofanya utafiti huo walikuwa wakitafuta dawa ya kuwatuliza askari, siyo ya saratani. Anayetaka kuusonga uvimbe kwa njia hii inambidi kwanza apate namna ya kutowasonga walinzi.