Gobori la Babu na Kanga wa Shambani

Leo tuweke jembe chini kidogo, tuzungumze juu ya gobori. Wewe wa Isaka, Kahama au Nzega unalifahamu: ile bunduki ndefu iliyorithiwa kwa babu, ikafichwa darini. Je, ilifikaje huku kwetu?

Kuanzia miaka ya 1860 majeshi ya Ulaya yalianza kutumia bunduki mpya za kujazwa risasi kwa nyuma. Za zamani, zile za gumegume na za fataki, zikauzwa kwa bei ya chini. Zikapitia Unguja na Bagamoyo, na wapagazi wa Kinyamwezi waliopeleka pembe za ndovu pwani wakarudi nazo. Mtemi Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884, aliwapa silaha hizo rugaruga wake. Bastola walikuwa nazo zaidi wasafiri wa Kizungu. Na mtutu wake mfupi haulengi vizuri ndege aliye mbali.

Basi, mwaka 1890 mataifa makubwa yalikutana Brussels, Ubelgiji. Yakakubaliana kuzuia bunduki za kisasa zisiuzwe ovyo Afrika, lakini yakaruhusu ile ya gumegume na baruti ya kawaida. Hapo ndipo utaona kwa nini mzee wako alibaki na gobori: bunduki bora zilibaki mikononi mwa watawala.

Kuwinda nalo si mchezo. Unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unashindilia kwa mdeki, unatia vipande vya chuma, halafu unanyatia. Ukikosa, kanga wote wamekwisha ruka kabla hujashindilia tena. Ndiyo maana kwa kanga, kware na sungura wazee wengi walitegemea mtego.

Sasa ndugu, kuna jambo la kuangalia. Mtutu ulioliwa na kutu waweza kupasuka usoni mwa mpigaji. Baruti iliyosahauliwa ndani yaweza kumuua mtoto anayechezea. Tena, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 hairuhusu kukaa na bunduki bila kibali, hata kama ni ukumbusho wa babu. Na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka leseni ya kuwinda.

Je, kanga wakifukua mbegu? Weka walinzi siku za kupanda mpaka mimea iote, maana wakubwa hawa wa kufukua hula pia wadudu na kupe.

Kwa hiyo, kama gobori liko darini, usilijaribu wala usiligonge. Mwone mwenyekiti wa kijiji, mwende pamoja polisi mkaeleze. Historia ya babu usiitupe: wasimulie wajukuu. Hadithi haihitaji kibali, na haimlipukii mtu.