Nafasi ya Inchi Mbili na Nusu

Ubavuni mwa ThinkPad T420, laptopu ya mwaka 2011, kuna kifuniko kinachoshikwa na skrubu moja tu. Fundi huilegeza kwa bisibisi, hukitoa kifuniko, huvuta ulimi wa plastiki, na diski ngumu huteleza nje ikiwa imevishwa mpira kila upande. Mipira hiyohiyo huvishwa SSD, diski ya chipu isiyo na kinachozunguka, ikasukumwa ndani mpaka imekaa, kisha inapigwa Windows upya. SSD huwa nyembamba kidogo, milimita 7 mahali pa 9.5, ndiyo maana aghalabu hubandikwa fremu ya plastiki isije ikachezacheza. Kompyuta ambayo mwenyewe alikuwa akiiwasha, akaenda kuagiza chai na kuikuta bado inatafakari, sasa inafunguka kabla hajavuta kiti.

Urahisi huo hawakuupanga waliobuni SSD. Mwaka 1988 kampuni ndogo ya Marekani, PrairieTek, ilitoa diski ya kwanza ya inchi 2.5. Ilibeba megabaiti 20. Kampuni yenyewe haikuvuka salama mwaka 1991, ilifilisika, lakini kipimo chake hakikuzikwa nayo. Watengenezaji wengine walikidaka, na kwa zaidi ya miaka ishirini laptopu nyingi zikazaliwa na tundu la ukubwa huo.

Kilichokuwa kikikaa kwenye tundu hilo kina asili ya zamani zaidi. Diski ya kwanza, ya mashine ya IBM iliyoitwa RAMAC, ilitangazwa mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja upana wa inchi 24, na zote pamoja zilihifadhi herufi milioni 5. Baada ya hapo umbo lilisinyaa na uwezo ukapanda, ila mwendo ulibaki uleule: sahani inazunguka, mkono unakwenda kutafuta. Diski za laptopu nyingi huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani 90 kwa sekunde. Data inayotakiwa ikiwa imeshapita, kichwa hungoja irudi, na kungoja huko hula wastani wa milisekunde 5.6, bado hujahesabu muda wa mkono kusogea. Ni kufumba na kufumbua, ndiyo. Lakini Windows inapoamka husoma vijifaili vingi mno vilivyotawanyika huku na huko, na kwa kila kimoja foleni ni ileile. Watu wameilaumu sana prosesa, na prosesa maskini ilikuwa imekaa tu ikisubiri kuletewa kazi.

Dawa yake ilianzia Japani. Fujio Masuoka, mhandisi wa Toshiba, alibuni kumbukumbu ya chipu inayotunza data hata umeme ukikatika, na ambayo eneo zima linaweza kufutwa kwa mkupuo. Mwenzake, Shoji Ariizumi, aliona ufutaji huo unafanana na mwako wa taa ya kamera, ndipo jina likapatikana. Neno “flashi” analotamka kila siku mteja kwenye duka la kuchapisha karatasi, “naomba unitolee hii, iko kwenye flashi,” limetoka kwenye ulinganisho huo. Masuoka aliitambulisha kazi yake mwaka 1984, na mwaka 1987 akaleta aina ya NAND, ambayo ndiyo iliyomo ndani ya SSD za leo. Mwaka 2004 aliishtaki Toshiba akidai malipo yanayolingana na uvumbuzi wake. Walipatana mwaka 2006 kwa yen milioni 87, pesa ndogo ukitazama biashara iliyozaliwa.

Mwaka 1991 kampuni ya SunDisk, ambayo baadaye ilijiita SanDisk, iliiuzia IBM SSD ya megabaiti 20. Uwezo uleule wa diski ya PrairieTek, kwa bei ya karibu dola 1,000! Mnunuzi wa kawaida hakuwa na sababu hata ya kuuliza.

Bei ndiyo iliyoshikilia mlango kwa miaka mingi. MacBook Air ya kwanza, mwaka 2008, iliuzwa dola 1,799 ikiwa na diski ya kawaida. Yenye SSD ya gigabaiti 64 na prosesa ya kasi kidogo ilifika dola 3,098. Septemba mwaka huohuo Intel ilileta X25-M ya gigabaiti 80 kwa dola 595. Windows 7, iliyotoka 2009, ikaja na amri ya TRIM, inayoiarifu SSD ni data ipi imeshafutwa ili isichoke mapema. Mwaka 2011 mafuriko ya Thailand yalizamisha viwanda vya diski ngumu, bei zake zikaruka, na ghafla SSD haikuonekana ghali kama jana. Miaka miwili baadaye Samsung ilianza kuzipanga seli za kumbukumbu ghorofa juu ya ghorofa, 24 kwa kuanzia, na gharama ya kila gigabaiti ikazidi kushuka.

Nafuu hiyo ilikutana na laptopu za mitumba. Mashine zilizostaafishwa na maofisi ya Ulaya na Marekani zilikuwa zikishuka Kariakoo na Luthuli Avenue, Nairobi, bodi zikiwa imara na diski zikiwa zimechoka. SSD haina kinachozunguka, hivyo haijali mtikisiko wa daladala.

Tundu lenyewe sasa linatoweka. Laptopu mpya hutumia kijibao cha M.2, chembamba kama kipande cha biskuti, na nyingine, kama MacBook ya 2015, kumbukumbu yake imelehemewa kwenye madabodi. Hapo bisibisi haisaidii kitu. Diski ngumu iliyong’olewa kwenye T420 nayo haitupwi. Fundi huitia kwenye kasha la USB na kumrudishia mwenyewe, ikaendelea kuzunguka mara 90 kwa sekunde ikitunza video za harusi.