Megapikseli Zilituzuga

Zile kamera ndogo za dijitali za enzi za 2009 zimerudi kwa nguvu, na kila mtu anataka yake. Sawa. Lakini wasee, kabla utume hiyo M-Pesa, nikupe historia kidogo, juu muuzaji atakuambia, "Hii ni megapikseli 14, buda, ndiyo maana bei iko juu." Hapo ndipo unaliwa.

Ndani ya kamera kuna kipande kinachopokea mwanga, yaani sensa (si ile ya kuhesabu watu). Kwa nyingi za hizo kamera ni karibu milimita 6 kwa 4.5. Haifiki hata ukucha wa kidole chako kidogo. Kwa karatasi wanaiita ya inchi 1/2.3, na hata hiyo inchi si inchi. Ni kipimo cha kamera za zamani za TV, zilizokuwa na mrija wa kioo ndani: walipima upana wa mrija mzima, si ile sehemu iliyonasa picha. Ndiyo maana mpaka leo sensa ya "inchi 1" ni milimita 13.2 kwa 8.8 tu. Ajabu, si ndiyo?

Basi kampuni zikaanza kushindana: megapikseli 5, 8, 10, 12. Sensa yenyewe haikukua. Chukua nafasi ya beseni moja kwenye mvua, uijaze vikombe 12. Kila kikombe kitapata matone kidogo tu. Jua likiwaka huoni shida. Ingia harusini usiku uone: picha inajaa chengachenga, kamera inajaribu kuzifuta, na sura ya shangazi inabaki laini kama nta.

Sasa sehemu ninayoipenda. Mwaka 2008 Canon walitoa PowerShot G10, megapikseli 14.7. Mwaka 2009 wakatoa G11, megapikseli 10, sensa ya saizi ileile ya inchi 1/1.7. Toleo jipya, namba ndogo! Baada ya miaka yote ya kutufunza kuwa namba kubwa ndiyo bora, walirudi nyuma hadharani. Mimi nawapa heko.

Halafu 2012 Sony wakaleta RX100: megapikseli 20.2, lakini kwa sensa ya inchi 1, eneo lake karibu mara nne ya zile ndogo, na bado inaingia mfukoni. Kwa hivyo megapikseli si adui. Shida ilikuwa kuzisongamanisha.

Kama unazitaka hizo chengachenga kwa sababu ya vaibu, ni sawa kabisa, hata mimi nazipenda. Lakini usiongeze pesa kwa sababu ni 14 na si 10. Ukifika Luthuli, tafuta jina la modeli kwa simu, angalia saizi ya sensa, kisha umwombe muuzaji azime taa upige picha moja. Akikataa, duka la pili liko hapo tu.